Ahmad Iman Ali: Mhandisi wa Majengo, Nairobi, aliyekuja kuwaongoza Wakenya wa Al-Shabaab

Hapa Pwani ukitaja Majengo, kila mtu anajua unazungumzia Majengo yetu ya Mombasa, ya Masjid Musa na kina marehemu Aboud Rogo. Lakini kuna Majengo nyingine, ile ya Nairobi, katika wadi ya Pumwani, eneo bunge la Kamukunji, ubavuni mwa soko la Gikomba. Huko ndiko alikotoka mtu ambaye tangu Januari 2012 ametajwa kuwa kiongozi wa tawi la Kenya la kundi la Al-Shabaab. Jina lake ni Ahmad Iman Ali.

Nimeamua kuandika makala haya kwa sababu moja. Mwezi uliopita kijana mmoja hapa mtaani, tukiwa barazani baada ya Isha, aliniuliza, "Ami, huyo Ahmad Iman ni Msomali wa wapi?" Nikamwambia huyo ni Mkenya, wa Nairobi, na Kiswahili chake ni hiki hiki tunachozungumza mimi na wewe. Kijana hakuamini. Nami nikaona kumbe hata wenye umri wangu wengi hawaijui habari hii kwa ukamilifu, ilhali watoto wetu ndio waliochukuliwa.

Kwanza tuijue Majengo yenyewe. Pumwani ni miongoni mwa mitaa mikongwe ya Waafrika mjini Nairobi, iliyoanzishwa na serikali ya kikoloni mapema miaka ya 1920. Wakoloni walitaka kuwakusanya Waafrika mahali pamoja, na vijiji vya awali vikabomolewa kimoja baada ya kingine, cha mwisho kikiwa Pangani mwishoni mwa miaka ya 1930. Waliohamia humo wengi walikuwa Waislamu, watu wa makabila mbalimbali waliojiita Waswahili: wapagazi wa zamani, askari wastaafu, wanawake waliojenga kwa jasho lao wenyewe. Nyumba zao ni za Kiswahili hasa, ukumbi katikati na vyumba huku na huku. Mtu wa Old Town akiingia hahisi mgeni. Mashaka yao pia tunayajua sisi wa Pwani: mtu aliruhusiwa kujenga nyumba, lakini ardhi haikuwa yake. Mwenye nyumba si mwenye kiwanja. Maneno hayo hata leo hayajaisha pale.

Mimi niliishi humo kati ya 2008 na 2011. Nilikuwa nikipandisha marobota ya mitumba kutoka Mombasa hadi Gikomba, na chumba cha Majengo kilikuwa rahisi na karibu na soko. Kwa hiyo mengine ninayoyaeleza hapa nimeyasoma, na machache niliyaona. Ahmad Iman mwenyewe sikuwahi kuketi naye.

Kumbukumbu za Umoja wa Mataifa zinakadiria alizaliwa mwaka 1973 au 1974. Walioandika habari zake wanasema ni mhandisi, aliyesomea Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Jomo Kenyatta kule Juja. Jambo hili la elimu lisipitwe haraka. Tumezoea kuambiwa kwamba wanaoingia katika makundi haya ni wajinga waliokosa shule. Huyu alikuwa na shahada, na katika mtaa ambao vijana wengi kazi yao ni kusukuma mikokoteni na kubeba mizigo Gikomba, mtu wa namna hiyo husikilizwa. Akisimama kusema kwamba mmenyimwa, maneno yana uzito kuliko ya mchukuzi mwenzako.

Mwaka 2008 aliasisi kikundi kilichoitwa Muslim Youth Centre, yaani Kituo cha Vijana wa Kiislamu, mashuhuri kwa herufi MYC. Kwa nje kilikuwa kikundi cha kuwasaidia vijana wa Majengo wasio na kazi, kuwapa nasaha na kuwatetea. Wengi waliojiunga mwanzoni walijiunga kwa hayo tu. Mtaa ulikuwa na njaa ya mtu wa kuusemea. Wazee waliokuwa wakisimamia mambo ya misikiti walilaumiwa na vijana kwamba wamezeeka katika vyeo, hesabu hazionekani, na wakubwa wa serikali wakija huwakaribisha kwa chai na sambusa. Malalamiko hayo mengine yalikuwa ya kweli, tusidanganyane. Ni yale yale tuliyoyasikia Mombasa miaka michache baadaye, vijana walipowatoa wazee na maimamu katika baadhi ya misikiti.

Ndipo nilipojifunza kwamba kamati ya msikiti si jambo dogo. Mwenye kamati ndiye mwenye mimbari, ndiye mwenye sanduku la sadaka, ndiye wa kuamua nani atatoa darsa baada ya Magharibi. Ahmad Iman alielewa hilo mapema. Kundi la wataalamu wa Umoja wa Mataifa wanaofuatilia vikwazo vya Somalia lilieleza kwa urefu katika ripoti yake ya Julai 2011 jinsi MYC ilivyojijenga Majengo, ikasajili vijana wa kwenda Somalia na kuchangisha fedha kupitia misikiti. Waumini waliotoa shilingi zao hizo, naamini wengi walidhani wanawasaidia mayatima.

Jirani yangu alikuwa mama mmoja mjane, alikuwa akiuza maandazi alfajiri. Alikuwa na mwana wa miaka kumi na tisa hivi, mpole, mchukuzi wa soko. Kijana huyu alivunjika mguu robota lilipomwangukia, na hospitali ikadai fedha ambazo mama hakuwa nazo. Waliolipa ni vijana waliokuwa wakikutana naye msikitini. Hawakumwomba kitu. Walikuja kumzuru, wakamletea matunda, wakamletea simu ndogo iliyojaa mawaidha. Alipopona akawa hakosi darsa. Mama alifurahi sana, aliniambia, "Mwanangu, afadhali msikiti kuliko mihadarati." Nami nilimwitikia. Nani angesema vingine?

Mwishoni mwa 2010 kijana akaaga kwamba amepata kazi Garissa. Baada ya wiki kadhaa simu ikalia, nambari inaanza na 252. Mama alikuja kuniuliza hiyo ni ya wapi. Nilijua, lakini ulimi ulikuwa mzito.

Turudi kwa mhusika. Mwaka 2009 Ahmad Iman mwenyewe alivuka mpaka akaingia Somalia. Huko alikutana na Wakenya waliotangulia, na ile ripoti ya 2011 ilimkadiria kuwa na wapiganaji kati ya 200 na 500, wengi wao Wakenya. Hili ndilo lililowashtua wachunguzi. Kwa miaka mingi vyombo vya usalama vya Kenya vilikuwa vikimtafuta gaidi kwa sura: Msomali, au Mwarabu, au mtu wa Pwani mwenye kanzu. MYC ilikuwa imekusanya Wakikuyu, Waluhya, Wajaluo, Wakamba, wengi wao waliosilimu ukubwani, wenye majina ya Kikristo katika vitambulisho. Polisi waliokuwa wakifanya msako Eastleigh kwa kuangalia nywele walikuwa wakitafuta mahali pasipo.

Jingine ni lugha. Al-Shabaab ilikuwa kundi la Kisomali, likihutubu kwa Kisomali na Kiarabu. Ahmad Iman na wenzake ndio walioipa sauti ya Kiswahili. MYC ilikuwa na jarida lake, Al-Misbah. Kisha mwaka 2012 Al-Shabaab ikatoa jarida la Kiswahili lililoitwa Gaidi Mtaani. Litazame jina hilo. Halikuandikwa na mtu wa Mogadishu. Limeandikwa na mtu anayejua maana ya "mtaani" kwa kijana wa Eastlands, anayejua kwamba kijana aliyezoea kuitwa mhalifu na askari kila akikutwa kona anaweza kulichukua tusi na kulivaa kama joho. Mimi huona jarida lile lilikuwa na madhara kuliko risasi nyingi, kwa sababu lilimkuta msomaji katika lugha ya nyumbani kwake.

Na hapo ndipo Pwani inapoingia, tusijitoe. Mwalimu mkubwa wa itikadi kwa MYC alikuwa Aboud Rogo Mohammed, mzaliwa wa Siyu, Lamu, aliyekuwa akifundisha Mombasa. Rogo alishtakiwa kwa shambulio la hoteli ya Kikambala la 2002 na akaachiliwa na mahakama mwaka 2005. Kanda za mawaidha yake zilisambaa Gikomba kama zilivyosambaa Kongowea. Majengo ya Nairobi ilitoa mpangaji na vijana. Pwani ikatoa sauti. Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lilimwekea Rogo vikwazo Julai 2012, na tarehe 27 Agosti mwaka huo akauawa kwa risasi ndani ya gari lake Bamburi akiwa na familia yake. Mombasa ikawaka siku kadhaa. Hadi leo hakuna aliyehukumiwa kwa mauaji hayo.

Oktoba 2011 jeshi la Kenya liliingia Somalia katika operesheni ya Linda Nchi. Wiki iliyofuata mambo yakaanza Nairobi. Tarehe 24 Oktoba maguruneti mawili yalirushwa, moja katika baa na jingine katika kituo cha basi cha OTC, mlangoni mwa Eastlands. Aliyekamatwa mtaani Kayole na shehena ya silaha alikuwa Elgiva Bwire Oliacha, kijana wa magharibi mwa Kenya aliyekuwa amesilimu. Alikiri mashtaka na tarehe 28 Oktoba akahukumiwa kifungo cha maisha, kifungo kilichopunguzwa baadaye katika rufaa. Wakenya walipomwona kizimbani akitabasamu ndipo wengi walipotambua kwamba jambo hili lina sura nyingine.

Januari 2012 Al-Shabaab ikatoa video na kumtangaza Ahmad Iman kuwa kiongozi wa Kenya. Alizungumza Kiswahili. Kiini cha maneno yake ni kwamba asiyeweza kufika Somalia apigane hapo alipo. Mwezi uliofuata kikundi chake, ambacho kilikuja kujulikana kama Al-Hijra, kikajitangaza kuwa sehemu ya Al-Qaeda ya Afrika Mashariki.

Yaliyofuata Nairobi wakazi wa Eastlands wanayakumbuka kwa majina ya mahali. Machi 2012, kituo cha magari cha Machakos. Tarehe 30 Septemba 2012, watoto wakiwa katika masomo ya Jumapili kanisa la St Polycarp, barabara ya Juja. Mtoto mmoja akafa. Novemba mwaka huo, matatu ya Eastleigh. Tarehe 7 Desemba, mlipuko nje ya msikiti wa Eastleigh watu wakitoka kuswali, na mbunge wa Kamukunji Yusuf Hassan akajeruhiwa vibaya miguu. Mbunge huyo ni Mwislamu, ndiye mwakilishi wa Majengo yenyewe. Tarehe 16 Mei 2014 mabomu mawili yakalipuka Gikomba, yakaua watu wasiopungua 10. Sisemi kila moja kati ya haya lilitoka kinywani mwa Ahmad Iman. Mengine hayakudaiwa na mtu. Nasema waliokufa ni wauza mitumba, makanga, wapiga debe, watoto wa Jumapili na waumini waliotoka msikitini. Ni watu wa mtaa ule ule ambao MYC ilisema imezaliwa kuutetea.

Serikali nayo ilijibu kwa namna iliyomfaa adui. Aprili 2014 ilianza operesheni ya Usalama Watch, maelfu wakakusanywa, wengi wakafungiwa uwanja wa Kasarani. Huku Pwani mashekhe na vijana walikuwa wakiuawa mmoja mmoja na wasiojulikana. Makaburi alipigwa risasi nje ya mahakama ya Shimo la Tewa tarehe 1 Aprili 2014. Wiki kumi baadaye, tarehe 10 Juni, akauawa Sheikh Mohammed Idris wa Likoni, na huyu alikuwa akiwapinga wenye siasa kali waziwazi. Shirika la Haki Africa liliorodhesha visa 81 vya kuuawa na kutoweka kwa watu hapa Pwani katika ripoti yake ya Desemba 2016. Mwaka 2017 shirika la maendeleo la Umoja wa Mataifa, UNDP, lilitoa utafiti wa mahojiano na waliowahi kujiunga na makundi haya Afrika, na asilimia 71 walisema kilichowasukuma hatua ya mwisho ni kitendo cha serikali, ikiwemo kuuawa au kukamatwa kwa ndugu au rafiki.

Kuna wanaoniambia nikisema haya nawatetea magaidi. Si kweli. Ahmad Iman alihitaji vitu viwili: kijana mwenye uchungu, na ushahidi kwamba uchungu huo hauna mahakama. La kwanza alilikuta Majengo limekaa miaka tisini. La pili aliletewa bure.

Operesheni hizo zilikivunja kikundi cha Al-Hijra Nairobi, hilo ni lazima likubaliwe. Waliobaki walikamatwa, waliuawa au walikimbilia Somalia, wengine wakajitokeza katika msitu wa Boni na kundi la Jaysh Ayman lililowatesa watu wa Lamu. Mpeketoni, Juni 2014, zaidi ya watu 60 waliuawa katika siku chache. Mauaji ya Westgate ya 2013, watu 67, na ya Chuo Kikuu cha Garissa tarehe 2 Aprili 2015, watu 148, sina haja ya kuyasimulia upya.

Majuma mawili hivi baada ya Garissa, Waziri wa Usalama wa Ndani Joseph Nkaissery alitangaza msamaha wa siku kumi kwa vijana waliotaka kurudi kutoka Somalia. Nilimpigia simu yule mama wa Majengo. Nilikuwa nimesharudi Mombasa. Nikamwambia akisikia kutoka kwa mwanawe amweleze. Akaniuliza, "Akija, nitampeleka kwa nani? Wewe unamjua askari mmoja wa kumwamini, mwanangu?" Nilikaa kimya. Nilijua wawili waliorudi hapa kwetu ambao hawakufika mwaka.

Tarehe 15 Januari 2016 Al-Shabaab ilivamia kambi ya wanajeshi wa Kenya El Adde, katika eneo la Gedo. Serikali haikutangaza rasmi idadi ya waliouawa, nazo familia za wanajeshi zilizika kimya kimya. Umoja wa Mataifa unalihusisha shambulio hilo na uongozi wa Ahmad Iman. Unamtaja pia katika video ya Julai 2017 iliyowatishia Waislamu wanaotumikia vyombo vya usalama vya Kenya. Januari 2018 Marekani ilimtangaza gaidi wa kimataifa, na tarehe 8 Machi mwaka huo Baraza la Usalama likamweka katika orodha ya vikwazo: mali kuzuiliwa, safari kukatazwa. Siku hiyo hiyo liliwekwa jina la mtu mwingine, Abdifatah Abubakar Abdi, anayetafutwa kuhusiana na Mpeketoni. Maelezo ya orodha hiyo yanasema Ahmad Iman aliwalenga hasa vijana maskini wa mitaa ya mabanda ya Nairobi.

Ama Elgiva Bwire, alimaliza kifungo na kutoka gereza la Kamiti tarehe 28 Oktoba 2021, miaka kumi kamili tangu hukumu. Siku hiyo hiyo alichukuliwa na watu wasiojulikana. Wakili wake, Profesa Hassan Nandwa, alitoweka pia na kupatikana baadaye akiwa hai. Bwire hakuonekana tena.

Mwaka jana nilipita Majengo nikienda kumzika rafiki. Baadhi ya nyumba za udongo zimetoa nafasi kwa maghorofa, lakini ile niliyoishi bado ipo. Mama yule ameacha kuuza maandazi, macho yamemchoka. Simu yake ni ile ile ya vibonye, laini ni ile ile. Wajukuu wamemnunulia nyingine kubwa, ipo juu ya kabati ndani ya kasha lake. Anasema hawezi kubadilisha nambari.